Mama anataka kopo la picha za babu Myahudi lizikwe na Bibi. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar, nimeolewa na Mtanzania wa Tanga ila kwetu ni Lubumbashi, nimekulia kule mpaka nikamaliza sekondari. Nakusoma siku nyingi sijawahi kuandika, leo nimeamua kwasababu hili jambo silali na Bibi yangu umri umeenda sana.

Bibi ni mzaa mama, ana kama miaka 86, yuko komini ya Kenya (kwa wasiojua, Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, sio nchi). Alipokuwa binti alikaa na mzungu mwenye duka kule upande wa ziwa Mweru, mzungu ananunua samaki kwa wavuvi, anauza chumvi, sabuni, vitambaa. Wakazaa watoto wawili, mama yangu 1958 na mjomba 1962. Watu walimwita Mgiriki lakini Bibi siku zote anakataa, anasema hakuwa Mgiriki, alikuwa Myahudi wa kisiwa kinaitwa Rodo. Sisi watoto tulikuwa hatuelewi, tunaona ni maneno ya wazee tu.

Mwisho wa 1973 Mobutu alipochukua biashara za wageni na duka la babu likachukuliwa. Mwanzoni mwa 1974 akaondoka akasema anaenda kujipanga atarudi. Barua zikaja mbili, hela mara moja, basi. Hajaonekana tena na Bibi hakuolewa.

Sasa Bibi ana kopo la bati, la biskuti za zamani, anaweka chini ya kitanda amelifunga na kitenge. Mwezi wa nne nilienda kumuona, basi mpaka Tunduma, Nakonde, mpaka Kasumbalesa, nimefika nimechoka hoi, na usiku ule ule akanifungulia, hajawahi kunifungulia maisha yangu yote. Picha 11. Kuna ya babu amekaa mbele ya duka, kuna ya mama mdogo kabisa amebebwa, na kuna moja ya mwanamke mtu mzima mwenye gauni jeusi amesimama uani, chini sakafu ni vijiwe vidogo vidogo vyeusi na vyeupe vimepangwa kama maua. Nyuma yake kuna maandishi ya wino, nikadhani Kiarabu, nikayapiga picha nikamtumia mume wangu ambaye amesoma madrasa, akasema hapana, hii sio Kiarabu, hata herufi moja hasomi.

Afu kuna vitu vya Bibi ambavyo nimekua navyo nikidhani ni vyake tu. Ijumaa jioni anachemsha mayai na maganda ya vitunguu, anayaacha kwenye jiko la makaa usiku kucha, asubuhi yametoka rangi ya kahawia, tunakula. Kambale hapiki. Nilimuuliza safari hii akaniambia "ule hakukulaka kambale, hata siku moja," basi na yeye akaacha, miaka hamsini mtu hayupo na bado hapiki kambale. Na mtoto akipiga chafya anasema "bivas". Wanangu nao siku hizi wanasema bivas hapa Dar, mwalimu ameniuliza ni kabila gani.

Tatizo langu Shangazi ni hili. Mama hataki kusikia. Anasema yule mtu alituacha kama mizigo, kopo Bibi akifa tutamzika nalo yaishe. Mama jina lake la ubatizo lilichaguliwa na babu, Bibi anasema alichagua mwenyewe na hakutaka mtu abadilishe, ni jina ambalo kijijini hakuna mwingine alikuwa nalo (sitaliandika hapa), ikabidi 1972 Mobutu alipokataza majina ya kizungu aliache kwenye karatasi na mpaka leo hataki kuitwa, ni Bibi peke yake anamwita.

Mjomba yeye ni kinyume, anataka tutafute ile familia tudai urithi, na amesikia kuna nchi za Ulaya zinatoa paspoti kwa watu wenye asili hiyo, kila siku ananipigia simu. Na mimi nilifanya kosa, nilitafuta lile jina la ukoo Facebook nikampata kijana mmoja Brussels, sura ni ya mjomba kabisa, nikamwandikia usiku uleule bila kufikiri, nikamwambia sisi ni damu moja babu yetu alituacha. Akanijibu mstari mmoja, babu yake hakuwahi kuwa na watoto Afrika, afu akanibloku. Nililia Shangazi.

Mimi sitaki hela. Nataka wanangu wajue wametoka wapi, na nataka kujua yule mwanamke wa kwenye picha ni nani. Je niache kama mama anavyotaka? Niendelee? Na je sisi ni Wayahudi au sio?

Mjukuu wa Mweru, Dar

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne na nimekaa nayo wiki mbili nikiulizia na kusoma, kwasababu sikutaka kukujibu juu juu.

Kopo lisizikwe. Hilo nalisema kwanza ili hata ukiishia hapa kusoma ujue nimesimama wapi.

Bibi yako yuko sahihi kabisa, na nyie wote mlimdharau bila kujua. Rodo ni kisiwa cha Rhodes, leo kiko Ugiriki. Wayahudi wa pale walikuwa Wasefaradi, yaani wazazi wao wa zamani walifukuzwa Hispania 1492 na lugha ya nyumbani ilibaki ni Kihispania cha kale, wanaita Kiladino. Walikaa chini ya Waturuki karne kadhaa, afu Waitaliano wakachukua kisiwa 1912. Maisha yakabana, vijana wakaanza kutoka, wengine Marekani, wengine Rhodesia, na wengi sana Katanga, kaka anamvuta mdogo wake, mjomba anamvuta mpwa. Elisabethville, ndo Lubumbashi yenu, walijenga sinagogi kubwa mwaka 1930, na rabi wao Moïse Levy alifika 1937 akakaa zaidi ya miaka 50. Jengo bado lipo. Hata Moïse Katumbi ambaye mlikuwa naye gavana wa Katanga kuanzia 2007 mpaka 2015, baba yake alikuwa Myahudi wa Rhodes na mama ni Mkongo, biashara ya samaki upande huohuo wa Mweru. Kwahiyo hadithi ya Bibi sio ya ajabu wala ya kuficha, nyumba kama ya kwenu zilikuwepo nyingi tu.

Sasa vitu vya Bibi. Mayai yale yana jina, huevos haminados. Kwa Wayahudi siku ya Sabato moto hauwashwi, kwahiyo Ijumaa kabla jua halijazama chakula kinawekwa kwenye moto mdogo kijipike chenyewe mpaka kesho, na mayai wanayaweka na maganda ya vitunguu ndo yanatoa ile rangi. Na kambale hana magamba, Sheria yao inasema samaki wa kuliwa awe na mapezi na magamba. Mwanangu hebu fikiria, mtu anakaa ukingoni mwa ziwa porini huko, hakuna rabi, hakuna jirani wa kumuona, mboga ya bei rahisi ni kambale na yeye hali. Na mwanamke wa Kibemba ambaye hata hajaambiwa sababu anamshikia ile desturi miaka hamsini baada ya mwenyewe kuondoka. Mimi hapo nilisimama kusoma nikaenda kunywa maji.

Tuje kwenye picha maana ndo moyo wa jambo lako.

Ile sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe ni ya Rhodes, nyua za mji wa zamani zimepangwa hivyohivyo, hata sinagogi lao la Kahal Shalom lililojengwa 1577 sakafu yake ni vijiwe vya namna hiyo. Na maandishi ya nyuma nadhani ni soletreo, mwandiko wa mkono waliokuwa wanaandikia Kiladino, herufi za Kiebrania lakini zimepindishwa na kuungwa, ndo maana ukaona kama Kiarabu. Siku hizi hata mtu anayesoma Kiebrania vizuri anaweza asijue kuusoma. Pembeni ya hilo sinagogi kuna makumbusho ya Wayahudi wa Rhodes tangu 1997, waandikie, watumie picha ya mbele na ya nyuma, uliza kama kuna mtu wa kuwasomea mstari ule.

Ila kabla hujawaandikia ujue kilichotokea pale, usije ukasoma jibu lao ukiwa kwenye daladala. Mwaka 1938 Italia ilitoa sheria za kuwabagua Wayahudi na wengi wakakimbia. Waliobaki, Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya, wazee na watoto, wakawapakia kwenye mashua mpaka Piraeus, bandari ya Ugiriki, afu treni mpaka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani kule Poland. Walikuwa karibu 1,700 pamoja na wale wa kisiwa cha jirani cha Kos. Waliotoka hai ni kama 150. Mtaa mzima uliisha ndani ya mwezi mmoja.

Babu yako wakati huo nadhani alikuwa ameshafika Kongo. Wewe hujaniambia kama aliwahi kumsimulia Bibi kuhusu mama yake. Muulize, ila muulize taratibu.

Na hapa nirudi kwenye jina la mama yako. Wasefaradi wana utaratibu wa majina kama wetu sisi wa huku, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba na binti wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa baba. Mama yako ni binti wa kwanza. Jina la peke yake kijijini, baba mwenyewe kalichagua na hataki mtu aliguse. Sina ushahidi, ila ningekuwa wewe ningeingia kwenye orodha ya majina ya waliouawa ambayo Yad Vashem, makumbusho ya Israeli ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, wameiweka kwenye intaneti, bure, unaandika jina la ukoo na mji Rhodes, afu nitafute mwanamke mwenye jina la mama yako. Ujiandae, koo za pale zilikuwa chache na majina yanajirudia sana kwasababu ya huohuo utaratibu, unaweza kukuta watatu au wanne wa jina moja, kwahiyo usiseme nimempata mpaka maandishi ya nyuma ya picha yakubaliane na orodha.

Lakini kama ndivyo, basi yule babu alimchukua mtoto aliyezaliwa na Bibi yako kule Mweru akampa jina la mama yake mzazi, na mtu hafanyi hivyo kwa mtoto anayemuonea aibu. Alichofanya 1974 na kilichofuata ni kingine, na sitamtetea.

Ndo maana kwa mama yako usiende na habari za babu kabisa. Hasira yake ni halali, usimwambie asamehe, usimwambie wakati umepita, alikuwa na miaka 15 baba akaondoka na tayari serikali ilishamvua jina kwenye karatasi, na kuna lingine ambalo huenda hata yeye halijui. Wakati anazaliwa, watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika Kongo ya Wabelgiji walikuwa wanachukuliwa kwa mama zao wanapelekwa misheni. Waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema ule ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kesi ya wamama watano. Muulize Bibi kama alimficha mama yako. Nimewaza sana kwanini mwanamke afunge kopo na kitenge miaka yote hiyo na asimuonyeshe mtu.

Kwa mama nenda na picha moja tu. Ya yule mwanamke wa uani. Isafishe kwenye simu, ikuze, iweke mbele yake, umwambie mama huyu nadhani ndo uliyepewa jina lake. Usiongeze neno. Akikaa kimya mwache akae kimya, akiondoka mwache aondoke. Ana ugomvi na baba yake, hana ugomvi na bibi yake ambaye hajawahi kumuona.

Mjomba: mwambie ukweli kwamba Hispania ilifungua dirisha la uraia kwa Wasefaradi 2015 na maombi yakafungwa 2019, na nchi nyingine masharti yanabadilika kila mara na wapo matapeli wengi wanaokula hela za watu hapo katikati. Akitaka atafute mwenyewe kwa muda wake, ila jina lake na madai yake yasiingie kwenye barua zako. Ukichanganya hayo mawili umepoteza yote. Yule kijana wa Brussels alisikia neno babu alituacha usiku wa manane kutoka kwa mtu asiyemjua, na alichosikia ni madai. Na huenda hakudanganya, huenda kweli hajui, wazee wale wengi walifunga mdomo, waliyaacha Kongo kama walivyoyaacha ya kisiwani. Mimi sina kinyongo naye.

Tafuta mtu mzima, sio kijana. Wayahudi wa Rhodes waliotoka Kongo wengi wako Brussels na Cape Town, wana masinagogi yao na wazee wanajuana kwa koo. Andika barua kwa Kifaransa, unakijua vizuri kuliko mimi, fupi namna hii:

"Naishi Dar es Salaam, nimezaliwa Lubumbashi. Bibi yangu alikaa na marehemu fulani karibu na ziwa Mweru mpaka 1974. Tumetunza picha ya mwanamke tunayedhani ni mama yake, imepigwa Rhodes kabla ya vita, ina maandishi nyuma. Sitafuti mali wala karatasi yoyote. Nadhani familia ingependa kuiona, na mimi ningependa kujua jina lake."

Ambatanisha picha. Watu waliochukuliwa 1944 hawakuondoka na albamu, na picha nyingi zilizobaki za familia zile ni zile zilizokuwa zimeshatumwa kwa ndugu nje, Kongo, Rhodesia, Marekani. Unaelewa umeshika nini? Inawezekana hao ndugu wa Brussels sura ya bibi yao hawajawahi kuiona, na iko chini ya kitanda komini ya Kenya. Kwahiyo usiandike kama mtu anayeomba kukaribishwa ndani.

Wakikataa, umeshaandika, usiandike mara ya tatu. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji nao wamefanya utafiti maalum kuhusu watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika wa wakati wa ukoloni wa Kibelgiji kama mama yako, aliyezaliwa kabla ya uhuru, na wamekuwa wakiwasaidia wenyewe kutafuta asili yao kwenye mafaili. Ila hilo ni la mama yako mwenyewe kuomba akitaka. Usiombe kwa niaba yake kwa siri.

Umeuliza kama nyie ni Wayahudi. Kwa sheria yao ya dini Uyahudi unapita kwa mama, kwahiyo rabi atakwambia hapana. Ndo maana pia usitegemee kukuta majina ya mama na mjomba kwenye daftari za sinagogi. Lakini uzao hauendi kwa rabi kuomba ruhusa, yule mwanamke wa uani ni mama wa babu yako na wanao wana haki ya kumjua kama wanavyowajua wazee wa Tanga.

Kopo lenyewe, haraka haraka. Bati lina kutu na Lubumbashi mvua ni nyingi, kila picha iweke kwenye bahasha yake ya karatasi, sio mfuko wa nailoni, na usipeleke laminesheni hata fundi akikubembeleza. Ukiandika nyuma tumia penseli. Piga picha zote 11 mchana kweupe karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, zitunze sehemu tatu, na moja ya hizo sehemu iwe kwa mtu asiyekuwa wewe. Kopo libaki kwa Bibi mpaka mwisho wake, ni lake, usimnyang'anye kwa jina la kutunza.

Na usisubiri Desemba. Kama nauli hakuna, mtafute binamu yoyote pale mwenye simu nzuri akae na Bibi Ijumaa jioni wakati anapika yale mayai, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Aanze na jikoni, maganda mangapi, maji kiasi gani, nani alimfundisha, babu alikuwa anakaa wapi wakati yanaiva. Aongee Kiswahili chake cha Katanga na Kibemba kikija aachwe. Arekodi yote hata vile anavyomfukuza kuku.

Na kuna swali moja nataka amuulize kwa niaba yangu. Ile "bivas" ya chafya ni Kiladino, maana yake uishi, lakini haiishii hapo, wenyewe mtoto akipiga chafya ya pili na ya tatu wanaendelea: bivas, kreskas, engrandeskas, komo un peshiko en aguas freskas. Uishi, ukue, uwe mkubwa, kama kasamaki kwenye maji baridi. Babu yako alikuwa mfanyabiashara wa samaki Mweru na alikuwa na watoto wawili wadogo ndani ya nyumba. Bibi aanziwe ule mstari, "bivas, kreskas...", afu binamu anyamaze, simu ikiwa inarekodi, tusikie kama anaumalizia.